Nani Aliyetufundisha Kuogopa Macho Mekundu?

Hakuna mtoto azaliwaye Usukumani akiwa anaogopa macho mekundu. Mtoto wa miezi sita, akipakatwa na bibi yake mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, hucheka na kutaka kuyashika kwa vidole. Miaka ishirini baadaye mtoto huyohuyo aweza kusimama usiku nje ya nyumba ya bibi wa aina hiyohiyo akiwa na panga mkononi. Au, jambo lililo la kawaida zaidi na lisiloandikwa magazetini, aweza kuwa amelala nyumbani kwake, akasikia kelele kwa jirani, na asitoke. Kati ya siku hizo mbili kumepita elimu. Ilitolewa na watu fulani, mahali fulani, kwa mbinu fulani, na kwa kuwa ni elimu ina historia yake. Historia hiyo ndiyo ninayokusudia kuieleza hapa, nikisaidiwa na wanasayansi wa ubongo ambao katika miaka ya karibuni wametuonesha ni seli zipi hasa zinazofanya kazi wakati kiumbe anapofundishwa kuogopa.

Eneo ninalolizungumzia ni lile linaloanzia Meatu na Shinyanga, likapita Kahama na Geita, hadi Chato kwenye kingo za Ziwa Viktoria. Chato yenyewe si Usukuma wa asili. Ni sehemu ya Uzinza wa zamani, ilikuwa tarafani mwa Biharamulo katika Mkoa wa Kagera kabla ya kuwa wilaya mwaka 2005, na iliingizwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Wasukuma walifika huko wakifuata malisho, mashamba ya pamba na, baadaye, dhahabu. Walipohama walihama na ng'ombe wao, ngoma zao, mbegu zao, na pia hofu zao. Nasema hivi bila nia ya kulitia doa kabila lolote. Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, iliwaua kwa hukumu za mahakama watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake, na walioandika hukumu hizo walikuwa wasomi wa sheria.

Tuanze na macho yenyewe, kwa sababu wengi wetu huzungumzia imani tukasahau kuuliza alama ya imani hiyo imetoka wapi. Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu amepika kwa miaka hamsini juu ya mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, akitumia mabua ya pamba, mabua ya mtama na samadi kavu ya ng'ombe. Moshi wa vitu hivyo huumiza macho kuliko moshi wa kuni nzuri. Na kwa nini hakuwa na kuni nzuri? Hapo ndipo historia inapoingia jikoni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti na vita dhidi ya mbung'o, chini ya Charles Swynnerton. Miti ilikuwa maficho ya mbung'o, hivyo miti ilipaswa kuondoka. Watemi waliamriwa kutoa watu, na maelfu ya watu wenye mashoka walifyeka misitu, kazi iliyoendelea kwa miongo kadhaa. Mifugo ikaongezeka, pamba ikapanuka, na ardhi ikabaki uchi. Kufikia mwaka 1986 Serikali ya Tanzania ililazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ili kurudisha miti na kufufua ngitili, yale malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa wakiyatenga tangu zamani.

Sisemi kwamba Swynnerton aliwafundisha watu uchawi. Maneno nogi na balogi yalikuwapo katika lugha kabla hajazaliwa. Ninachosema ni kwamba alama ambayo kwayo mchawi hutambuliwa, yaani macho mekundu ya mwanamke mzee, kwa sehemu ni zao la sera ya serikali. Mwanamke huyo aliuawa kwa alama ambayo ofisi ilisaidia kumtia.

Lakini alama peke yake haiogopeshi. Lazima ifungwe na maumivu. Hapa namwomba msomaji avumilie safari fupi ya maabara, kwani hoja yangu haisimami bila hiyo.

Panya hupigiwa mlio mfupi, na mlio unapokwisha hupewa mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Baada ya mara chache mlio peke yake hutosha kumfanya agande pale alipo. Hiyo ndiyo huitwa hofu ya kujifunza, na mizizi ya wazo hilo ni kwa Mrusi Ivan Pavlov na mbwa wake. Tangu miaka ya 1980, kazi za watafiti kama Joseph LeDoux wa New York zimeonesha kwamba mlio na maumivu hukutana katika amigdala, fundo la seli lenye umbo la lozi lililo ndani ya ubongo, moja kila upande. Kwa muda mrefu vitabu viliiita amigdala kituo cha hofu, kana kwamba ni swichi ya taa. Sasa tunajua kwamba mle ndani mna jamii nzima ya seli za aina mbalimbali, zenye kazi tofauti na mara nyingi zinazopingana.

Zilizo nyingi, takribani nne katika kila tano kwenye ile sehemu ya amigdala inayopokea habari, ni seli kuu, ambazo hutumia kemikali ya glutameti kuziamsha seli nyingine. Hizo ndizo hubeba kumbukumbu. Zilizobaki ni seli za breki, ambazo hutumia kemikali iitwayo GABA kunyamazisha. Mtu angedhani kwamba seli za breki zipo ili kuzuia hofu, basi. Mwaka 2014 maabara ya Andreas Lüthi mjini Basel, Uswisi, ilionesha jambo lililo gumu zaidi. Liko kundi moja la seli za breki linalotambulika kwa protini ya parvalbumini, na liko kundi jingine linalotambulika kwa somatostatini. Seli za somatostatini hukaa kama walinzi kwenye matawi ya seli kuu, zikizuia habari ya mlio isiingie kwa nguvu. Mlio unapolia, seli za parvalbumini huamka na kuwanyamazisha walinzi hao, na mlango hubaki wazi. Mshtuko unapofika, makundi yote mawili hunyamazishwa, na seli kuu huachwa bila breki hizo. Hapo ndipo mlio na maumivu hufungwa pamoja. Kwa maneno mengine, somo la hofu hushika pale walinzi wanapokuwa wamenyamazishwa. Naomba msomaji ayahifadhi maneno hayo hadi nitakapofika mwaka 1974.

Si kila seli kuu hupewa mzigo. Mwaka 2009 maabara ya Sheena Josselyn huko Toronto ilionesha kwamba seli chache zilizokuwa na kiwango kikubwa cha protini iitwayo CREB wakati wa somo ndizo zilizobeba kumbukumbu ile. Watafiti walipoziua seli hizo tu, panya aliacha kuogopa mlio, ingawa bado aliweza kufundishwa upya. Na hata zile seli zilizodharauliwa kwa miaka mingi kama gundi ya ubongo, yaani astrositi, zilionekana mwaka 2017 kuwa na uwezo wa kupunguza hofu katika sehemu ya kati ya amigdala. Hofu, basi, ni kazi ya wengi. Wapo wanaobeba, wapo wanaozuia, wapo wanaowazuia wanaozuia, na wapo waliodhaniwa kuwa watazamaji tu.

Panya si mwanadamu, na mimi si miongoni mwa wanaoamini kwamba historia ya watu yaweza kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye kipande cha ubongo wa panya. Wala sitaki mtu asimame mahakamani akidai kwamba amigdala yake ndiyo iliyomtuma. Kati ya kuogopa na kukodi muuaji kuna hatua nyingi, na kila hatua ina mwenye kuamua. Hata hivyo, maabara inatuondolea kosa moja kubwa, lile la kudhani kwamba hofu ya uchawi ni ujinga tu, kwamba mtu akisoma hadi darasa la saba itamtoka. Hofu iliyofunzwa si upungufu wa elimu, nayo yenyewe ni elimu iliyokaa mahali ambapo hoja za darasani hazifiki kwa urahisi.

Mwanadamu, tena, ana njia ya kujifunza ambayo panya hana. Mwaka 2001 Elizabeth Phelps na wenzake waliwaambia watu kwamba wakiona mraba wa rangi fulani huenda wakapigwa umeme. Hawakupigwa hata mara moja. Hata hivyo amigdala ya upande wa kushoto iliamka kila mraba ulipoonekana. Neno lilitosha. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, Susan Mineka na Michael Cook walionesha kwamba nyani waliokulia maabara na wasiowahi kuumwa na nyoka walijifunza kumwogopa nyoka kwa kumtazama tu mwenzao akiogopa. Walipooneshwa mwenzao akionekana kuogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Amboseli, Kenya, ulionesha kwamba tembo hukimbia zaidi harufu ya nguo iliyovaliwa na Mmaasai kuliko ile iliyovaliwa na Mkamba, na huikasirikia nguo nyekundu kuliko nyeupe, kwa sababu morani ndio waliokuwa wakiwachoma mikuki. Rangi nyekundu haina mkuki ndani yake. Tembo amefunzwa kuuona.

Sasa turudi kijijini. Mtoto anafariki kwa homa. Hicho ndicho kishindo, na katika maabara kishindo hutanguliwa na mlio. Kijijini hakukuwa na mlio wowote, bali malaria na zahanati iliyo mbali. Mlio unaongezwa baadaye, na mtu mwenye kazi hiyo. Mfiwa anakwenda kwa mfumu, anapigiwa ramli, anaambiwa kwamba adui yake ni mwanamke, ni mzee, yuko upande wa magharibi wa kaya yake, na macho yake ni mekundu. Jina halitajwi, mfiwa hulipata mwenyewe. Tangu siku hiyo kila anapomwona mama yule akipita na kuni kichwani moyo humwenda mbio, na huyo mfiwa huapa kwamba siku zote alikuwa akimwogopa. Serikali huita jambo hili ramli chonganishi, na jina hilo limekaa vizuri. Ila lazima niwatendee haki waganga wengi wa mitishamba wasiofanya biashara hiyo, na ambao Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawataka wasajiliwe.

Je, kishindo huja wakati wowote? Mwanauchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Wilaya ya Meatu, iliyokuwa wakati huo Mkoa wa Shinyanga, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Katika miaka ya mvua kupindukia, iwe ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka kwa namna hiyo. Waliouawa kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake wazee, na waliohusika mara nyingi walikuwa ndugu zao. Ukitafakari matokeo hayo utaona kwamba hofu na njaa vilikuwa vinakula sahani moja. Mwaka ambao ghala ni tupu, kinywa kimoja kisichoweza kulima huonekana kwa namna nyingine, na macho yaliyokuwa mekundu mwaka jana, bila mtu kujali, huonekana mekundu zaidi.

Hapa ndipo ninapofika mwaka 1974. Kabla ya hapo Wasukuma waliishi katika kaya zilizotawanyika, kila mmoja na mashamba na ng'ombe wake, na umbali ulikuwa sehemu ya amani. Watu walipokosana au kushukiana, mmoja alihama. Juu ya hapo kulikuwa na wazee wa koo na mtemi, aliyeweza kusikiliza tuhuma na kuziamua kwa namna iliyomwondoa mtuhumiwa akiwa hai. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, tunayoitumia hadi leo ikiwa na marekebisho, ilimfanya mshtaki wa uchawi naye kuwa mkosaji, na ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa akaishi mahali pengine. Mwaka 1963 utemi ukafutwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikafika Mwanza na Shinyanga. Familia zilihamishwa, mara nyingine kwa nguvu, nyumba zao za zamani zikabomolewa au kuchomwa, na watu waliokuwa wakiishi mbalimbali wakapangwa kwa safu, ukuta kwa ukuta na wale waliowashuku.

Sikatai kwamba vijiji vilileta shule na visima, na mimi ni miongoni mwa wanaoheshimu nia ya Mwalimu. Lakini Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeliandikia tatizo hili kwa kina kuliko mtu yeyote, alionesha jinsi msongamano huo ulivyochochea tuhuma. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu zilizohusishwa na uchawi, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wengi wakiwa wanawake. Sasa yakumbuke yale maneno juu ya walinzi walionyamazishwa. Ni mfano, si ushahidi, na nautumia kwa tahadhari. Ila jamii nayo ina breki zake, kama umbali, mzee wa ukoo, mtemi, na uwezo wa kufunga mizigo na kuondoka. Katika miaka kumi na mmoja breki hizo zote ziliondolewa, na kishindo cha kuhamishwa kikaja juu yake.

Kilichofuata ni somo jingine, na safari hii mwalimu alikuwa dola. Mwaka 1976, likikabiliwa na mauaji hayo, jeshi la polisi pamoja na maofisa wa usalama waliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mamia walikamatwa. Waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa walinda usalama. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere uchunguzi ulifanyika, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu pamoja na Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadhi ya maofisa walishitakiwa na kufungwa. Wanafunzi wangu hulijua tukio hili kama somo la uwajibikaji, kwa sababu Mzee Mwinyi aliinuka tena akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano mwaka 1985. Ni somo zuri, lakini limewafunika waliofia rumande. Huko vijijini kilichobaki katika kumbukumbu hakikuwa barua ya kujiuzulu. Kilichobaki ni kwamba gari la polisi likija kuuliza habari za mauaji, anayejua kitu aweza asirudi.

Wakili yeyote aliyewahi kusimamia kesi ya mauaji ya vikongwe atakueleza matokeo yake. Kijiji kizima kimesikia, hakuna aliyeona. Maofisa wetu hupenda kusema wananchi hawatoi ushirikiano, kana kwamba kimya hicho ni tabia ya kuzaliwa. Kimya hicho nacho kilifunzwa. Na pale dola ilipokosa kuaminiwa pakazuka Sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika eneo la Kahama na Nzega. Walianza na wezi wa ng'ombe, na kwa hilo walifaulu kiasi kwamba chama na serikali viliwakubali, hata sheria ikawatambua mwaka 1989. Lakini waligeukia pia wanawake walioshukiwa. Wakawatenga, wakawatoza faini, wakawapiga. Hofu iliyokuwa ya mtu mmoja mmoja ikapata mbiu, uongozi na sare.

Msomaji wa Chato huenda anajiuliza mbona sijaitaja Februari 2015. Mwezi huo, katika wilaya hiyo, mtoto wa kiume mwenye ualbino, wa umri wa mwaka mmoja hivi, aliporwa usiku mikononi mwa mama yake. Mama alikatwa mapanga akijaribu kumzuia. Mwili ulipatikana siku kadhaa baadaye, ukiwa umekatwa viungo. Nimelichelewesha tukio hili kwa makusudi, maana naliona likichanganywa mno na mauaji ya vikongwe, na ni mambo mawili. Bibi wa macho mekundu aliuawa kwa sababu aliogopwa. Mtoto yule aliuawa kwa sababu alitamaniwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuandikwa kwa wingi, tangu mwaka 2006 na 2007, yalikuwa yamekusanyika zaidi kanda ya ziwa, na mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake walieleza uhusiano wake na machimbo madogo ya dhahabu. Mchimbaji hushuka duarani bila kujua kama atapata kitu, au kama atapanda tena. Anayemwona mwenzake akitajirika kwa wiki moja na yeye akichimba mwaka mzima bure huanza kutafuta sababu, na mganga humuuzia sababu hiyo kwa bei kubwa. Hapo hakuna mila ya kale ya Kisukuma ya kutetea wala kulaumu. Ni biashara mpya, ina mnunuzi, dalali na muuaji wa kukodiwa.

Na bado mambo hayo mawili ni majirani. Mwaka 2015 huohuo watafiti wa MIT walionesha kwamba katika amigdala ya panya seli kuu zilizochanganyika mahali pamoja hupeleka habari njia mbili. Zile zinazoelekea upande wa hofu huimarika baada ya somo la maumivu, na zile zinazoelekea upande wa thawabu huimarika baada ya somo la utamu. Mganga anayejua kuuza hofu anajua pia kuuza bahati. Wateja wake wa Jumatatu na wa Jumanne ni tofauti, kigoda ni kilekile.

Dola ilichukua hatua, tusiinyime haki yake. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia Bungeni mwanzoni mwa mwaka 2009. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Januari 2015 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Mwezi mmoja baadaye ndipo yalipotokea yale ya Chato.

Kwa nini makatazo na semina hufanya kazi kidogo hivi? Pavlov mwenyewe alikwisha kuona kwamba hofu au mazoea yaliyozimwa hurudi. Mwaka 2008 maabara ileile ya Basel ilipata sababu katika seli. Panya aliyefunzwa kuogopa mlio huweza kutulizwa kwa kusikilizishwa mlio mara nyingi bila mshtuko. Lakini seli za hofu hazifi. Hunyamaza, na kundi jingine la seli jirani, seli za utulivu, huamka. Ukimtuliza panya katika sanduku jipya, kisha ukamrudisha katika sanduku alikopata kishindo, seli za hofu huamka tena mara moja. Somo la hofu husafiri nawe popote, na somo la utulivu hukaa lilikofundishwa.

Ndugu zangu watumishi wa umma, angalieni mahali tunapofundishia utulivu. Tunafanya semina katika ukumbi wa halmashauri, saa nne asubuhi, kukiwa na chai na posho. Hofu ilifundishwa uani, usiku, kukiwa na maiti ya mtoto ndani. Kama kuna kazi ya kufanya, ni kwenye msiba, siku ileile. Mganga wa zahanati au muuguzi angefika kwenye kaya akaeleza mtoto amekufa kwa nini, kwa Kisukuma, mbele ya ukoo, kabla mtu hajakwenda kwa mfumu. Hilo halimo katika majukumu ya mtumishi yeyote ninayemjua. Na kwa upande wa njaa, Miguel alishauri pensheni ya wazee, akitaja mfano wa kaskazini mwa Afrika Kusini, ambako mauaji ya namna hii yalipungua baada ya wazee kuanza kulipwa. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na kuendelea mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara, mpango wa TASAF hufikia kaya maskini, si kila mzee. Bibi anayeleta fedha nyumbani kila mwezi, hata kidogo, huogopwa kwa taabu.

Kuna kundi jingine lililofunzwa hofu, ambalo hatulihesabu kamwe tunapojadili hofu za Usukumani, kwa sababu hofu yao ni ya haki. Ni watoto wenye ualbino waliopelekwa Buhangija, Manispaa ya Shinyanga, na vituo vingine, mamia yao, ili wasiuawe. Ndani ya kuta hizo walijifunza kulala usiku. Wengi walipokelewa wakiwa wadogo mno kiasi kwamba kituo ndicho kwao, na kila inapofika likizo huzuka swali kama warudi kijijini, na kwa nani. Ofisa huangalia taarifa ya polisi, huona kwamba mwaka umepita bila tukio, na kuandika kwamba hali ni shwari. Mtoto atakayeshuka kwenye basi jioni hiyo anarudi kwenye lile sanduku la kwanza, penye njia ileile, mlango uleule, na majirani walewale ambao usiku ule walisikia na hawakutoka.